Tusiiachie Setilaiti Usukani Jua Linapokuchwa

Ni nadra mwananchi wa Unguja, Pemba au Mafia ashuke Dar es Salaam kwa shughuli za biashara kisha arejee kwao bila kupita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo. Huko hununua vitambaa, vipuri vya mashine, dawa za kilimo na vyombo vya nyumbani, na katika miaka hii hununua pia simu za mkononi, ambazo maduka yake yamejaa tele Mtaa wa Aggrey na vichochoro vyake. Simu hizo si za kuzungumzia tu. Ndani yake mna kipokezi kidogo cha mawimbi ya setilaiti za kuongozea njia, na mwenye simu akiiuliza yuko wapi, humjibu kwa nukta ya buluu juu ya ramani. Mvuvi akirudi kwao nayo huichukua baharini. Ikawa ndiyo dira, ndiyo ramani, na mara nyingine ndiyo nahodha.

Wasomaji wetu wa Unguja watatukumbusha kwamba Mnazi Mmoja ziko mbili. Iko hii ya Dar es Salaam, yenye bustani na Mnara wa Uhuru, hatua chache kutoka Mtaa wa Lumumba ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na iko ile ya mjini Unguja, yenye uwanja na hospitali. Baina ya hizo mbili pana bahari ya kilomita 70 na zaidi. Simu haizichanganyi kamwe, mchana wala usiku. Lakini ikitakiwa iseme chombo kiko upande gani wa mwamba, hapo ndipo inapotulazimu kuuliza mawimbi yale yamepita wapi kabla ya kufika mkononi mwa mtu.

Yametoka mbali. Setilaiti za Marekani, ambazo mfumo wake huitwa GPS, ziko kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu. Warusi wana mfumo wao wa GLONASS, nchi za Ulaya wana Galileo, na China ina BeiDou, uliokamilika mwaka 2020. Kazi ya mifumo yote ni moja: kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi hupima wimbi limetumia muda gani njiani, kikazidisha muda huo kwa mwendo wa mwanga, kikapata umbali; na kikishapata umbali wa setilaiti nne au zaidi hujua mahali kilipo. Safari nzima haitimizi hata sehemu ya kumi ya sekunde, na hesabu yake haina huruma: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Ndiyo maana Wamarekani waliweza kuwapotosha kwa makusudi watumiaji wa kiraia wa dunia nzima, kwa kuzichezea saa za setilaiti tu, mpaka Rais Clinton alipoamuru jambo hilo likome mwanzoni mwa Mei 2000. Upotoshaji wa binadamu ukaondoka. Wa anga umebaki.

Kuanzia kilomita 60 au 80 hivi juu ya ardhi hadi kufikia kilomita 1,000, hewa ni nyembamba mno, na miali mikali ya jua hung'oa elektroni kutoka katika chembe za hewa hiyo. Tabaka hilo lenye elektroni huru ndilo liitwalo ayonosfia. Wazee wetu walilijua kwa matendo yake bila ya kulijua kwa jina. Aliyekuwa na redio ya betri kule Makunduchi, Wete au Kilindoni katika miaka ya 1960 na 1970 anakumbuka jinsi stesheni zisizosikika mchana zilivyoanza kusikika baada ya isha, na jinsi Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilivyofika kutoka London kwa masafa mafupi, mara ikivuma, mara ikififia kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mkondo. Mawimbi hayo hayakuja kwa kunyooka, maana dunia ni mviringo. Yaligonga ayonosfia yakarudishwa chini, kama mpira ugongao dari. Kwa njia hiyo Marconi alivusha ishara zake juu ya Atlantiki mwezi Desemba 1901, wakati wataalamu wengi wakishikilia kwamba haliwezekani.

Basi tabaka lile lile lililotuletea habari za dunia ndilo leo linalotutatiza. Mawimbi ya setilaiti hutetema kwa kasi zaidi, yale ya kawaida ya GPS yakitetema mara milioni 1,575 kwa sekunde, na kwa hiyo hayarudishwi, hupenya. Lakini hayapenyi bure. Kila elektroni iliyomo njiani huyachelewesha kidogo. Wataalamu wamejiwekea kipimo: katika nguzo ya anga yenye upana wa mita moja ya mraba, elektroni kiasi cha namba moja ikifuatwa na sifuri 16 ni uniti moja, na kila uniti huongeza sentimita 16 katika umbali unaopimwa. Sentimita 16 si kitu. Lakini katika ukanda wetu, adhuhuri na alasiri za miaka ambayo jua limechafuka, uniti hupita 100. Hiyo ni mita 16 kwa setilaiti iliyo utosini. Kwa setilaiti iliyo chini karibu na upeo wa macho, ambayo wimbi lake hukata tabaka kwa mshazari, upungufu huo waweza kukaribia mara tatu.

Watu wengi, na baadhi yao ni maofisa wenye elimu nzuri, wakisikia kwamba matatizo haya ni ya ikweta hufikiri juu ya ule mstari uliochorwa katika ramani za shule, wakasema sisi tuko kusini yake, hayatuhusu. Sivyo. Elektroni hutii sumaku ya dunia, na sumaku hiyo ina ikweta yake yenyewe. Katika Afrika ya Mashariki ikweta ya sumaku haipiti Nanyuki. Hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Mchana, nguvu za umeme zilizomo angani huko huzinyanyua elektroni juu kabisa, kisha elektroni hizo huteremka taratibu kwa kufuata mistari ya sumaku, nusu upande wa kaskazini na nusu upande wa kusini, kama maji ya chemchemi irukayo na kumwagika pande mbili. Zinapomwagikia ndipo zinaporundikana. Mwingereza Edward Appleton, ambaye mwaka 1947 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya ayonosfia, alikuwa ameeleza mwaka mmoja kabla kwamba rundo kubwa haliko juu ya ikweta ya sumaku yenyewe bali pembeni mwake, kiasi cha nyuzi 15 kila upande.

Sasa msomaji achukue ramani ahesabu mwenyewe. Addis Ababa iko nyuzi 9 kaskazini ya ikweta ya ramani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Jumla ni nyuzi 16. Pemba, Unguja, Dar es Salaam na Mafia, kwa mfuatano huo huo, zimejipanga chini ya rundo la kusini. Rundo hilo halitulii mahali pamoja. Siku nyingine huegemea pwani ya Kenya, siku nyingine huteremka kusini zaidi, lakini sisi ndio jirani zake wa kudumu.

Jambo hili lina matokeo ambayo wauzaji wa vyombo hawayatangazi. Ili kupunguza kosa la ayonosfia, setilaiti za GPS hutangaza pia kanuni fupi ya kusahihishia, iliyotungwa katika miaka ya 1970 na Mmarekani John Klobuchar. Ilitungwa kwa busara kubwa, kwa kuwa vyombo vya siku zile havikuwa na uwezo wa hesabu ndefu: namba nane tu kwa dunia nzima. Yeye mwenyewe alikusudia iondoe kama nusu ya kosa, na huondoa. Lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba kilele cha elektroni ni saa nane mchana, kisha zinapungua, na usiku kucha huweka kosa lile lile moja, la mita moja na nusu. Kwa mtu wa Washington au London hiyo ni tabia ya anga lake. Kwetu jua huchwa, muadhini huadhini magharibi, na rundo bado liko juu, mara nyingine likiwa limeongezeka. Simu ya bei nafuu iliyonunuliwa Kariakoo hutumia kanuni hiyo hiyo bila ya kujua kwamba imebebwa ikapelekwa Kizimkazi.

Hata hivyo kuchelewa kwa mawimbi kuna dawa. Kadiri wimbi linavyotetema polepole ndivyo linavyocheleweshwa zaidi. Setilaiti za sasa hutoa pia wimbi la pili, la mitetemo milioni 1,176, ambalo ayonosfia hulichelewesha karibu mara 1.8 ya lile la kwanza. Chombo kinachopokea yote mawili hulinganisha tofauti na kulifuta kosa karibu lote. Vyombo vya wapima ardhi vimefanya hivyo kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2018 zimetoka simu za mkononi zenye uwezo huo. Lau matatizo yangekomea hapo, tungewashauri wananchi wanunue vyombo bora nasi tukafunga kalamu.

Yasiyo na dawa ya dukani ni yale yanayokuja baada ya magharibi. Jua likishakuchwa, elektroni za tabaka za chini hutoweka upesi, lakini zile za juu hubaki, na zaidi ya hayo huinuliwa tena kwa muda mfupi kabla nguvu ya umeme haijageuza uelekeo wake. Pakawa na kizito juu ya chepesi. Kila mpishi anajua kwamba ukimimina maji juu ya mafuta, mafuta hayakubali kukaa chini; hupanda kwa viputo. Angani ni vivyo hivyo. Viputo vyenye elektroni chache hupasua tabaka zito na kupanda mamia ya kilomita, vikiacha nyuma yao mapande yaliyochanika, makubwa na madogo. Wimbi la setilaiti likipita humo huvunjwavunjwa na kuja kwetu likiongezeka na kupungua nguvu kwa ghafula, kama nyota zinavyometameta. Wataalamu huita hali hiyo kumetameta, nasi hatuoni sababu ya kutafuta neno jingine. Katika usiku mbaya nguvu ya wimbi huweza kushuka ikawa sehemu moja ya mia ya ilivyokuwa, kipokezi kikampoteza setilaiti wake, kikampata, kikampoteza tena. Wala wimbi la pili halisaidii hapa. Kwa kuwa linatetema polepole zaidi, ndilo linaloumia zaidi.

Dalili hizi zilionekana kwanza Huancayo, Peru, ambako Booker na Wells waliziandika mwaka 1938, wakati setilaiti hazijaota hata katika ndoto. Kwetu sisi yatosha kukariri majira yake. Kwa saa, ni kuanzia baada ya magharibi hadi kama saa sita za usiku, mara nyingine kupita hapo. Kwa miezi, ni Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba, yaani takriban katika tanga mbili, wakati kaskazi na kusi zinapopokezana; mabaharia watalikumbuka hilo kwa wepesi. Kwa miaka, hufuata jua, ambalo huchafuka na kutulia kwa mzunguko wa kiasi cha miaka 11. Mwezi Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limeingia katika kipindi cha kilele chake. Miezi mitano kabla yake, tarehe 10 na 11 Mei 2024, dunia ilipata dhoruba ya sumaku kubwa kuliko zote kwa zaidi ya miaka 20, na huko Marekani matrekta yanayoongozwa na setilaiti yakasimama mashambani katikati ya msimu wa kupanda.

Hatuandiki haya kutia watu hofu. Setilaiti zilizo juu ni nyingi, na mara nyingi kiputo hufunika upande mmoja tu wa mbingu; chombo chenye kupokea mifumo yote minne hubakiwa na setilaiti za kutosha. Wala hatutaki mtu asome makala hii kisha aseme kwamba misiba ya baharini iliyotupata ilitokana na anga. MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake. MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012, ilizama mchana, bahari ikiwa imechafuka, karibu na Chumbe. Hayo yana wenyewe wa kuyajibu, na mashahidi wake ni makaburi.

Vile vile mtu aliyesimama Kariakoo akaona nukta yake ya buluu inaruka kutoka mtaa huu hadi ule asikimbilie kuilaumu ayonosfia. Majengo marefu yaliyoota huko huyarudisha mawimbi kutoka ukuta hadi ukuta, simu ikahesabu safari ndefu isiyokuwapo. Dereva wa bajaji anayemtafuta abiria wake usiku anahangaishwa na zege zaidi kuliko na elektroni. Na kwa kuwa wapo watakaouliza, kibla cha simu hakiharibiki kwa jambo hili. Mtu akikosewa mita 20 mahali alipo, mwelekeo wa Makka haubadiliki hata kwa unywele. Kinachoharibu kibla cha simu ni chuma kilicho karibu nayo.

Baharini hakuna ukuta. Upeo wa macho uko wazi pande zote, na hapo ayonosfia hubaki peke yake na chombo. Msomaji afikirie mashua ya Mafia, inayosubiri maji kule Nyamisati katika delta ya Rufiji ili iondoke kwenda Kilindoni. Maji hayajali saa za ofisi, na wakati mwingine huwa ni usiku. Au wavuvi wa dagaa wanaotoka na karabai na taa zao giza linapoingia, saa ile ile viputo vinapoanza kupanda. Nahodha wa zamani alikuwa na dira, alikuwa na bildi ya kupimia kina, alijua kuoanisha mnazi mrefu na kilima nyuma yake, na aliutambua mwanga wa mnara wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904. Alikuwa na mashahidi wanne, na mmoja akidanganya watatu humsuta. Kijana wa leo ana shahidi mmoja, aliyemo mfukoni, na shahidi huyo ana tabia mbaya ya pekee: anapokosea hanyamazi. Huendelea kuonyesha nukta ya buluu kwa ujasiri ule ule.

Alama moja yafaa wajifunze. Chombo kikiwa kimetia nanga, simu ikakionyesha kinatembea, au kasi ikaruka bila sababu, au setilaiti za upande mmoja wa mbingu zikafifia kwa pamoja, basi anga limechafuka. Angojee, au arudi kwa dira na bildi. Mara nyingi baada ya dakika chache hali hutengemaa.

Nchi kavu kuna hasara ya namna nyingine, isiyoua mtu bali hugombanisha ndugu. Upimaji wa ardhi katika Jamhuri yetu umejengwa juu ya setilaiti: upande wa Bara kuna mtandao wa alama za msingi uitwao TAREF11, na huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walizipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi ambayo nchi nyingi kubwa kuliko sisi zinaionea wivu. Mpima ardhi anayetaka usahihi wa sentimita huhitaji kipokezi chake kishike wimbi bila kukatika. Mchana wa Aprili kazi humchelewa, na jioni humkatalia. Anga letu ni tulivu zaidi alfajiri, na hubaki na adabu hadi kama saa tatu asubuhi. Ofisi inayomtoa mpimaji saa nne, baada ya kusaini karatasi za petroli, huwa imempotezea saa bora za siku. Agizo la kubadili ratiba katika miezi hiyo minne halihitaji fedha za kigeni.

Kuhusu viwanja vya ndege tutasema machache. Marekani, Ulaya na Uhindi wamejenga mifumo ya kusahihisha setilaiti ili rubani aweze kuteremka kwa usalama. Wahindi ndio walio na funzo kwetu, kwani nao wako chini ya rundo, lile la kaskazini: mfumo wao wa GAGAN, uliopata idhini kamili ya kuongoza ndege katika kuteremka mwaka 2015, uliwalazimu watunge kanuni yao wenyewe ya ayonosfia, baada ya kuona kwamba iliyotungwa kwa nchi za baridi haiwafai. Nchi za Afrika ya Magharibi na Kati, kupitia shirika lao la ASECNA ambalo Komoro nayo ni mwanachama, zilianza kurusha mawimbi ya majaribio mwaka 2020. Wakati utafika nasi tutauziwa mfumo wa namna hiyo. Siku hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: vipimo vya anga vilivyotumika vilichukuliwa wapi?

Swali hilo lina historia katika pwani yetu. Mwaka 1960 Marekani ilianza kujenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury, na tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, alipoizunguka dunia, alizungumza na kituo hicho alipopita juu ya kisiwa. Wananchi wengi walikitilia shaka, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 Serikali ya Mzee Karume ilitaka kiondolewe, kikaondolewa. Hatusikitiki, nchi changa ilikuwa na haki ya kuchagua nani aweke mlingoti juu ya ardhi yake. Lakini ni kweli pia kwamba mitambo ilipopakiwa melini, ujuzi wote uliondoka nayo, maana haukuwahi kushushwa.

Jirani zetu wa Kenya walipitia njia nyingine. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Mtaliani Luigi Broglio alisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikaruka kutoka hapo, ikiwa na chombo cha kuchunguza jinsi mawimbi ya redio yanavyopita katika ayonosfia. Kutoka jukwaa hilo hilo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Kenya kuadhimisha uhuru, iliruka setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota ambayo ilipewa jina la Uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Lakini Malindi haikuachwa tupu: kipokezi cha kudumu cha vipimo vya setilaiti kimekuwapo huko tangu miaka ya 1990, na takwimu zake hutumiwa na wachunguzi wa dunia nzima wanaotaka kujua anga la pwani ya Afrika ya Mashariki. Wanafizikia wa vyuo vikuu vyetu vya Dar es Salaam na Dodoma nao wamezitumia takwimu za vituo vichache vya eneo hili na kuandika maandishi ya kisayansi yenye kuheshimika. Tatizo ni kwamba maandishi hayo husomwa Ulaya na Afrika Kusini kabla ya kusomwa Malindi ya Unguja, pale bandarini.

Afrika Kusini wamekwenda mbele zaidi. Kituo chao cha Hermanus, tangu Novemba 2022, hukesha saa 24 kikiangalia hali ya anga la juu na kutoa tahadhari kwa mashirika ya ndege. Tahadhari hizo zipo, na zinahusu bara letu. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa hutoa kila siku utabiri wa upepo na mawimbi ya bahari, na manahodha huusikiliza. Tunapendekeza kwamba katika Machi, Aprili, Septemba na Oktoba sentensi moja iongezwe katika utabiri huo, kwa Kiswahili cha kueleweka. Nao wakaguzi wa vyombo, wa TASAC kwa Bara na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, wanapohesabu maboya ya kujiokolea, waulize pia dira iko wapi na kama inafanya kazi. Dira iliyomo ndani ya simu isihesabiwe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo jiografia yetu imetuzawadia. Viputo hivyo hurefuka kwa mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, na upana wake ni makumi ya kilomita tu, mara nyingine kupita mia. Kwa hiyo Mnazi Mmoja zote mbili, ya Dar es Salaam na ya Unguja, huingia chini ya kiputo kimoja karibu wakati mmoja; hakuna ng'ambo ya kuionya nyingine. Lakini vikishazaliwa husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa mwendo wa kiasi cha mita 100 kwa sekunde. Dodoma iko magharibi yetu kwa umbali unaokaribia kilomita 390. Kiputo kinachopita juu ya Dodoma saa mbili usiku, kikidumu, kitafika juu ya pwani kama saa tatu na dakika tano.

Vyombo vitatu au vinne vya kupimia kumetameta, kimoja Dodoma, kimoja Dar es Salaam, kimoja Unguja na kimoja Kilindoni, vinavyotazamwa na vijana waliokwisha kusoma fizikia katika vyuo vyetu, vitatupa karibu saa nzima ya kuionya bandari. Havitaviona vyote, kwa sababu vingine huzaliwa papo hapo juu ya vichwa vyetu jua linapochwa pwani, ambako huchwa mapema kuliko Dodoma kwa takriban robo saa. Lakini vile vitakavyoonekana, taarifa yake yaweza kumfikia nahodha wa Nyamisati kwa simu ile ile aliyoinunua Kariakoo, kabla hajang'oa nanga.